Kashe ya majibu kwenye databesi: ya ndani ya MariaDB, ProxySQL, Redis au vyuu ya Postgres, ipi ikufae

Jamaa zangu mnaohangaika na mifumo ya gesti, maduka ya dawa, skuli na maofisi huku kwetu, hili suala la kashe linarudi kila msimu wa wageni ukikaribia, mana Juni ikiingia tu saiti zinaanza kuelemewa, mtu anafungua ukurasa wa vyumba unazunguka weee mpaka anachoka anakwenda kwa jirani. Na anaeuliza afanye nini jibu analopewa ni lile lile, "washa kashe", basi, hakuna anaemuuliza anatumia databesi gani, tebo zake zinaandikwa mara ngapi kwa saa, na muhimu kuliko yote, jibu likiwa limepitwa na wakati kidogo nani ataumia. Mie naona hilo la mwisho ndio pa kuanzia. Kasi zote zinakupa, walipotofautiana khasa ni kwenye ukweli wa jibu: moja haikupi jibu la zamani hata siku moja ila inajimwaga ovyo, nyengine inakupa jibu la zamani kwa sekunde ulizoiruhusu, nyengine mpaka wewe mwenyewe uifute, na nyengine umri wa jibu lake unaujua kwa saa.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. InnoDB (injini ya kuhifadhia data ya MySQL na MariaDB) ina buffer pool yake na Postgres ina shared_buffers (ya Postgres inakuja na 128MB tu ukiiwacha kama ilivyo), lakini hizo zinaweka vipande vya data na indeksi kwenye memori, kwiri yenyewe (yani swali la SQL unaloiuliza databesi) bado inasomwa, inapangwa na kuendeshwa upya kila ikija. Kashe ya majibu inaweka jibu zima lilokwisha pikwa, kwiri ikija tena mtu anapewa lile lile bila ya injini kugusa tebo. Kwaiyo kama tatizo lako ni indeksi (faharasa ya tebo) haipo, tafadhali tia indeksi kwanza, endesha EXPLAIN uone kama kwiri inasoma tebo nzima kutafuta mistari kumi, mana kashe juu ya kwiri mbovu inakuficha ubovu mpaka siku kashe iko tupu na watu wamejaa.

Halafu jua uko wapi. Andika SELECT VERSION(), uone. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi wanasema "natumia MySQL" na kumbe ni MariaDB, XAMPP toka mwaka 2015 ndani yake mna MariaDB, na Debian nayo toka toleo la 9 ukiomba seva ya kawaida unapewa MariaDB. Tofauti hii kwenye mambo mengine ni ndogo ila kwenye kashe ndio kila kitu. MySQL walikuwa na kashe ya ndani toka enzi za 4.0, wakatangaza kuiwacha kwenye 5.7.20, na 8.0 ilipotoka rasmi mwaka 2018 haimo kabisa. Sababu yake ni kwamba kashe nzima ilikuwa inalindwa na kufuli moja, kila anaesoma na kila anaeandika lazima apite hapo, seva ikiwa na kori (viini vya prosesa) nyingi zote zinapanga foleni mlango mmoja, ikawa kwenye seva kubwa kuwasha kashe kunapunguza mwendo badala ya kuongeza. Na ukihamisha faili la mipangilio, my.cnf, la zamani lenye mstari wa query_cache_size, MySQL 8 inakataa kuwaka, inasema variable hio haiijui. Kwiri iloandikwa SELECT SQL_CACHE nayo inakufa kwa kosa la sintaksi. Kwa hivyo kama uko MySQL 8 ruka hii sehemu inayofuata, nenda kwenye ProxySQL na Redis.

MariaDB wao wameiwacha iwepo, ila toka 10.1.7 inakuja ikiwa imezimwa. Kwa gesti ndogo ya Jambiani au duka la dawa la Chake Chake lenye seva ya kori mbili, bado ina faida zake, na sifa yake kubwa ni ya uaminifu: tebo ikiguswa tu, kwa INSERT, UPDATE au DELETE, majibu yote yalotoka kwenye tebo ile yanafutwa hapo hapo, kwaiyo huwezi kupewa chumba kilokwisha chukuliwa. Ila uaminifu huo ndio unaoiua vile vile. Haiangalii mstari gani umebadilika, inafuta yote, ni sawa na muuza urojo wa Forodhani amwage sufuria zima kwa sababu mteja mmoja kaomba pilipili zaidi. Tebo inayoandikwa kila sekunde chache kashe yake haina maana, unalipa gharama ya kuweka na gharama ya kufuta na hupati kitu.

Namna ya kujua iko hivi, na hapa naomba mtulie kidogo mana wengi wanaangalia namba moja tu. Endesha SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Qcache%'. Halafu SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Com_select'. Na tuseme umepata hivi:

Qcache_hits 41200
Qcache_inserts 388000
Qcache_not_cached 13000
Qcache_lowmem_prunes 2100
Com_select 442200

Kwenye MariaDB toka 5.5 kwiri iliyojibiwa na kashe nayo inahesabiwa kwenye Com_select, kwa hivyo asilimia ya mafanikio ni hits ugawe kwa Com_select, hapa ni 41200 kwa 442200, kama asilimia 9. Majibu yaliwekwa mara 388000 yakatumika mara 41200, yani unaweka mara tisa upate faida mara moja. Mtu akiona hivi haraka anakimbilia kuengeza memori. Angalia Qcache_lowmem_prunes kwanza: ni 2100 tu, majibu yalotolewa kwa kukosa nafasi ni machache mno, nafasi ipo, yanayofutwa yanafutwa kwa sababu tebo zinaandikwa. Ukiongeza memori hapo unazidisha ubaya, mana kashe kubwa ina mengi ya kufuta na kufuli linashikwa muda mrefu zaidi. Makumi ya megabaiti yanatosha, mtu akikwambia tia gigabaiti mbili muulize namba zake ziko wapi.

Sasa kitu gani kinaandika hio tebo? Mara nyingi unakuta ni kitu kidogo sana. Tebo ya vyumba ina jina, picha, maelezo, bei, na pembeni kuna safu imewekwa ya kuhesabu watu wangapi wamekitazama chumba, kila mgeni akifungua ukurasa inakwenda UPDATE vyumba SET imetazamwa = imetazamwa + 1. Hapo kila anaesoma anafuta kashe ya anaekuja nyuma yake. Ihamishe hio safu kwenye tebo yake peke yake, vyumba_hesabu, na utaona zile hits zinapanda bila kugusa seva. Nasema hili kwa moyo mmoja kabisa, kugawa tebo baina ya vinavyotulia na vinavyotikisika kunasaidia kuliko variable yoyote ya kashe.

Jengine ni kwamba kwiri lazima zifanane herufi kwa herufi. select na SELECT kwake ni vitu viwili, nafasi moja zaidi ni kitu chengine. Na kwiri yenye NOW(), CURDATE() au RAND() haiwekwi kabisa. Ukurasa wa msimu ulo na

SELECT aina, bei FROM bei_msimu WHERE mwisho >= CURDATE();

hautakaa kwenye kashe milele, ukiibadilisha PHP yako itume tarehe yenyewe, WHERE mwisho >= '2025-07-14', inakaa siku nzima na kesho yake inakuja kwiri mpya yenyewe.

Kuisimamia napendelea iwe kwa mahitaji tu, query_cache_type = 2, query_cache_size = 32M, na query_cache_limit ishuke kutoka 1M ya kawaida mpaka kama 256K ili ripoti kubwa zisile nafasi. Kwa type 2 hakuna kinachowekwa mpaka wewe uandike SELECT SQL_CACHE, kwaiyo unachagua mwenyewe: bei za msimu, orodha ya wilaya na shehia, orodha ya madarasa ya skuli, menyu. Bukingi usiziguse. Na msichanganye amri mbili: FLUSH QUERY CACHE inapanga nafasi tu zilotawanyika, majibu yanabaki, inayofuta kila kitu ni RESET QUERY CACHE.

ProxySQL inakaa katikati baina ya programu yako na databesi, na mie naiona ni ya pahala pamoja khasa: mfumo ulionunuliwa ambao msimbo wake huna au hupaswi kuugusa, na alouandika hapokei simu. Unaingia kwenye bandari 6032 ya usimamizi, unaandika sheria:

INSERT INTO mysql_query_rules (rule_id, active, match_digest, cache_ttl, apply) VALUES (10, 1, '^SELECT .* FROM bei_msimu', 60000, 1);
LOAD MYSQL QUERY RULES TO RUNTIME;
SAVE MYSQL QUERY RULES TO DISK;

Hio 60000 ni milisekunde, dakika moja. Ukisahau SAVE ikizima imepotea. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa, haijui kabisa kama tebo imebadilika, jibu linakaa mpaka muda wake uishe, basi. Meneja akibadilisha bei saa nne kamili, mgeni wa sekunde thelathini baadae bado anaona ya zamani. Kwa bei ya msimu dakika moja si kitu. Kwa "vyumba vilobaki" mchana wa Julai wakati Makunduchi wanajiandaa na Mwaka Kogwa na watu wanagombania vyumba, dakika moja ni familia mbili mlangoni na ufunguo mmoja. Kwa hivyo sheria ziwe finyu, taja tebo moja moja, usiandike sheria ya jumla ya ^SELECT (inayokamata kila kwiri ya kusoma) ukasema mambo yamekwisha. Kuona inafanya kazi, angalia stats_mysql_query_digest, kwiri zilojibiwa na kashe zinaonekana kwenye hostgroup -1.

Redis, hifadhi ya pembeni inayoweka data kwenye memori (au Valkey, ile iliyochepuka baada ya Redis kubadilisha leseni 2024, kwa kazi hii zote sawa), inakupa nguvu kubwa kuliko zote hizi na kazi kubwa kuliko zote, mana kila kitu unaandika wewe kwenye programu: uliza Redis, kama hamna uliza databesi, weka jibu na muda wa kuishi. Pahala watu wanapoumia ni patatu. La kwanza ni jina la ufunguo, yani jina unaloliwekea jibu ndani ya Redis. Sisi huku tuna bei ya mkaazi na bei ya mgeni, tuna shilingi na dola, tuna Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano, sasa mtu anaweka ufunguo vyumba:paje na kamaliza, alofungua wa kwanza akiwa mkaazi basi wageni wote wa Italia wanapewa bei ya mkaazi mpaka muda uishe, au kinyume chake, mkaazi anaonyeshwa dola anaondoka kimya kimya. Kila kitu kinachobadilisha jibu lazima kiwemo kwenye jina, vyumba:paje:mkaazi:TZS:sw, na kama jibu ni la mtu binafsi, namba yake iwemo au usiliweke kabisa, hili la jibu la mtu kumfikia mwengine ni zito, kwenye mfumo wa hospitali au skuli usilifanyie mchezo.

La pili ni kufuta. Ukifuta ufunguo kabla ya COMMIT (amri ya kuthibitisha mabadiliko kwenye databesi), msomaji mwengine anapita katikati hapo, anasoma data ya zamani kwenye databesi anairudisha kwenye Redis, halafu wewe unafanya COMMIT na kashe imeshika uongo mpaka muda wake uishe. Futa baada ya COMMIT. Na hata hivyo weka muda wa kuishi kwenye kila ufunguo, iwe bima.

La tatu memori. Redis ikija yenyewe haina kikomo kwenye mashine ya biti 64, itakula mpaka seva ilie, na ukiweka maxmemory bila kubadilisha sera, sera ya kawaida ni noeviction, ikijaa inakataa kuandika. Kwa kashe weka maxmemory-policy allkeys-lru, zisotumika zitoke zenyewe. Iwache isikilize 127.0.0.1 tu kama iko seva moja na programu, bandari 6379 ikiwa wazi kwenye intaneti hio si seva yako tena.

Postgres haina kashe ya majibu ndani yake, na watu wanaotoka MySQL wanaitafuta hawaioni. Ilo nayo ni vyuu iliyohifadhiwa (materialized view), ilokuja na 9.3 mwaka 2013, jibu la kwiri linaandikwa kwenye diski kama tebo na linakaa vile vile mpaka wewe useme REFRESH MATERIALIZED VIEW. Kwa ripoti, yani kwa ripoti, sioni kinachoifikia. Mauzo ya mwezi kwa tawi, karafuu zilopokewa kwa kituo na kwa daraja, mahudhurio ya wanafunzi kwa skuli, vitu ambavyo bosi anataka kuona asubuhi na hakuna anaejali kama ni vya saa sita za usiku, ila wote wanajali namba ziwe zile zile kwenye mkutano mzima. Na unaweza kumwambia mtu kwa ukweli "hii ni hali ya jana usiku", kitu ambacho kwenye Redis huwezi kukisema kwa uhakika hivyo. Ukirifreshi kawaida inashika kufuli zito, hata wanaosoma wanasubiri, kwaiyo toka 9.4 tumia REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY, ila inataka indeksi ya kipekee juu ya vyuu hio, na vyuu iwe imekwisha jazwa mara moja. Upande wa MariaDB kitu kama hichi unakipata kwa tebo ya muhtasari na EVENT (kazi inayojiendesha yenyewe kwa saa ulioipangia) ya usiku, tena event_scheduler yake inakuja imezimwa, iwashe.

Oracle naitaja kwa sababu baadhi ya taasisi kubwa wanayo. Toka 11g ina kashe ya majibu nzuri, inafuta yenyewe data ikibadilika kama ya MariaDB, na kwa kawaida iko MANUAL, unaweka dokezo /*+ RESULT_CACHE */ kwenye kwiri unayoitaka, DBMS_RESULT_CACHE.MEMORY_REPORT inakuonyesha hali yake. Lakini ni ya Enterprise Edition tu. Kama taasisi imekwisha lipia, itumie. Kuinunua kwa ajili ya hili tu, hapana.

Umeme nao umo kwenye uchaguzi huu. Wenye kumbukumbu wanajua Unguja ilivyokaa bila umeme toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa baharini ulipokufa, na hata sasa kukatika kwa saa moja mbili hakujaisha. Kashe ya MariaDB na ya ProxySQL ziko memori, seva ikizimika zinaanza tupu. Redis inaweza kuhifadhi diski ila kwa kashe wengi wanakuzima huko kuhifadhi. Sasa umeme unarudi, wote waliokuwa wanasubiri wanafungua mfumo kwa pamoja, kashe tupu, kila kwiri inakwenda databesi kwa wakati mmoja. Vyuu ya Postgres haina shida hii, iko diski inasubiri. Kwa Redis, muda wa kuishi usiwe sawa kwa funguo zote, tia bahati nasibu ndani yake, badala ya sekunde 600 kwa wote iwe 540 mpaka 660, ili zisife zote pamoja. Na jaribu mfumo kashe ikiwa tupu kabla ya msimu, endesha RESET QUERY CACHE au FLUSHDB usiku wa Mei gesti ikiwa kimya, na ufungue kurasa uone. Kama hauvumilii dakika tano bila kashe, unachohitaji ni indeksi na seva yenye memori zaidi, wala sio kashe nyengine.

Kwa hivyo mie ningekwenda hivi. Gesti ya vyumba kumi na mbili ilo na MariaDB kwenye seva moja ndogo: type 2, 32M, SQL_CACHE kwenye kwiri tano sita zinazotulia, usiengeze kitu chengine cha kusimamia. Saiti inayopokea wageni wengi kutoka nje na msimbo ni wako: Redis, na bukingi yenyewe isome databesi moja kwa moja kila mara, pale pa kuhakikisha chumba hapana kashe ya aina yoyote hata ya sekunde mbili. Mfumo wa kununua usiogusika: ProxySQL na sheria finyu. Ripoti za ofisi: Postgres na vyuu ya usiku, na tarehe ya kurifreshi iandikwe juu ya ripoti yenyewe watu waione.

Na kama tayari una kashe ya MariaDB imewashwa na hujui kama inakusaidia, chagua siku ya kawaida, sio siku ya boti kuleta watu wa tamasha, andika namba zako, halafu SET GLOBAL query_cache_size = 0; iwache hivyo kutwa nzima ukiangalia faili la kwiri za pole pole (slow query log). Kama hazikuongezeka iwache imezimwa na uandike hivyo kwenye my.cnf, ikiwa zimeongezeka faili lile lile litakuonyesha kwiri zipi khasa, na hizo ndizo za kutilia SQL_CACHE.